Miezi Kumi na Minne Bila Simu Yake

"Nimeamua kumtoa binti yangu kwenye utafiti," fundi cherehani alisema simuni.

Mratibu wa utafiti huo wa dawa aliweka kalamu chini. "Dawa imemdhuru?"

"Hapana. Wiki hii degedege limempata mara nne tu."

"Sasa tatizo nini, baba?"

"Tatizo ni hilo 'baba'. Kila Jumatatu unaniuliza habari za mtoto, nami natamani kukuuliza habari zako. Nikimtoa, nitakuwa huru kukuposa."

Mratibu aliinuka akafunga mlango wa ofisi. Umri wake ulikuwa miaka thelathini na minane, na shangazi yake alishamaliza maneno: "Wewe umeolewa na makaratasi." Jioni alikula peke yake, redio ikiwa imewashwa ili nyumba isikae kimya. Kwa miezi mingi, sauti ya fundi huyu aliyefiwa na mkewe ndiyo iliyompa hamu ya kuamka Jumatatu.

"Una haki ya kumtoa wakati wowote," alisema mwishowe. "Haki hiyo nilikusomea mwenyewe. Lakini usimtoe kwa ajili yangu. Ugonjwa huu wa ubongo ni nadra, watoto tuliowapata ni kumi na mmoja tu. Na wako anapata nafuu."

"Na sisi?"

"Nipe mpaka kesho."

Kesho yake asubuhi alibisha mlangoni kwa daktari mkuu wa utafiti.

"Daktari, nimempenda baba wa mtoto namba saba."

Daktari, mama mtu mzima asiyependa maneno mengi, alivua miwani. "Anajua?"

"Yeye ndiye aliyeanza kusema."

"Basi faili lile usiliguse tena, matokeo yasije kutiliwa shaka. Wala usimpigie. Mpaka utafiti uishe."

"Ni miezi kumi na minne, Daktari."

"Najua. Nisikufiche, utaumia."

Alirudi mezani akaandika ujumbe, akafuta, akaandika tena: "Usimtoe mtoto. Kuanzia sasa atakupigia mwenzangu. Tafadhali usinitafute."

Jibu halikuja. Ndivyo alivyoomba, lakini aliitazama simu siku nzima.

Kazi ya kumpigia fundi ilimwangukia muuguzi wa chumba cha pili. Ukuta ulikuwa mwembamba, na kila Jumatatu mratibu alisikia nusu ya mazungumzo.

"Mara mbili tu? Hongera, baba."

Wiki nyingine: "Pole. Mlete kliniki kesho."

Usiku ule mratibu hakulala, na hakuwa na haki ya kuuliza.

Siku moja muuguzi aliingia akitikisa kichwa. "Yule fundi ana kitu. Nikimaliza kuuliza, hakati simu. Hunyamaza, kama anangoja nimwambie jambo."

"Na wewe humwambia nini?"

"Nitamwambia nini, dada? Namwambia kwaheri."

Mratibu alikwenda msalani, akafungulia bomba, akalia.

Miezi ilijikokota ikaisha. Watoto saba walipata nafuu, wanne dawa haikuwafaa kitu. Binti wa fundi alikuwa kati ya wale saba. Daktari alipiga muhuri ripoti ya mwisho, akasema, "Sasa mpigie."

Simu iliita mara nyingi kabla ya kupokelewa.

"Ni mimi," mratibu alisema.

"Nakujua," fundi alisema. "Nilidhani nilikuudhi."

"Nilikatazwa, baba... nilikatazwa."

"Kwa nini hukuniambia kwamba umekatazwa? Mstari mmoja tu. Nimekaa mwaka na zaidi najiuliza nilikosea wapi."

"Niliogopa. Ningekueleza, ungenisihi. Ungenisihi, ningekubali, na mtoto angekosa dawa."

Fundi alivuta pumzi ndefu. "Ulifanya vyema kwa mwanangu. Mimi uliniumiza."

"Najua. Nisamehe."

"Haya mambo si ya simuni. Njoo."

Alikwenda Jumamosi, mikono mitupu, maana hakujua mtu hubeba nini anapokwenda kusamehewa. Fundi alifungua mlango, futi ya kupimia ikining'inia shingoni. Walitazamana kama wageni.

"Umekonda," fundi alisema.

"Na wewe pia."

Fundi alijisogeza kando, akaushikilia mlango.

"Pita ndani. Umekaa nje vya kutosha."