Maiki ya Chuma Kutoka Homa Bay

Maiki ilivuta pumzi.

Ilikuwa Jumamosi saa tisa alasiri, na Damaris alikuwa akifagia kanisani peke yake. Madirisha yote yalikuwa wazi, na nje mashine za kusaga mawe ya dhahabu zilinguruma kama kawaida ya machimbo ya Masara. Maiki ilikuwa juu ya meza ya mbele, imezimwa, betri zake mbili zimewekwa kando kwenye kisahani. Hata hivyo, kwenye spika alisikia pumzi ikivutwa polepole, ndefu, kama ya mtu anayejiandaa kuimba.

"Nani?" aliuliza.

Pumzi ikabanwa.

Damaris alimaliza kufagia. Hakuwa mwanamke wa kuacha kazi katikati kwa sababu ya spika.

Maiki hiyo ilikuwa na wiki mbili tu hapo. Kabla yake kanisa lilikuwa limenunua zile za bei rahisi mjini Migori, mbili kwenye boksi moja, zisizo na waya. Zilikwaruza. Pasta Gisiri akipita benchi la tatu, sauti ilikatika, na waumini wakabaki wakimtazama akitingisha mdomo. Jumapili moja, katikati ya maombi ya toba, zilinasa kipaza sauti cha muuza dawa ya panya aliyekuwa akipita barabarani, na kanisa zima likasikia, "Mende! Kunguni! Wote wanakufa!" Watoto walicheka mpaka wakatolewa nje.

"Pasta, tuvumilie hizi kidogo," alisema Elkana, fundi wa mitambo ya kanisa. "Mwisho wa mwaka tutafute za katikati, mpya, zenye garanti."

"Mungu haabudiwi kwa vitu vya kukwaruza," Pasta alijibu. Alikuwa amesikia kwamba kanisa moja la ufukweni, Homa Bay, lilikuwa likiuza maiki ya hali ya juu. Akaenda mwenyewe, akarudi nayo: ya chuma, nzito, baridi mkononi, aina ambayo Elkana aliwahi kuiona kwenye picha tu.

"Wamekuuzia bei ya zile mbovu?" Elkana aliigeuza geuza. "Pasta, maiki kama hii haiuzwi hivi."

"Hiyo ni baraka, ndugu yangu. Washa."

Jumapili ya kwanza aliyeimba ni Caren, binti wa Damaris, msichana wa miaka kumi na tisa mwenye sauti nyembamba na safi. Lakini kupitia maiki ile sauti yake ilikuwa kitu kingine. Wachimbaji waliokuwa wakipita nje walisimama na vumbi lao, wakaingia, wakalia. Jumapili ya pili watu walikosa pa kukaa.

Jumatano iliyofuata Caren aliamka na mkwaruzo kooni. Ijumaa hakuwa na sauti kabisa. Alifungua mdomo kumwita mamake, ikatoka hewa tu. Daktari wa Migori alimulika koo lake mara mbili, akasema haoni tatizo lolote.

Ndiyo maana Jumamosi ile Damaris alifagia kwa hasira. Alipoinama kuzoa takataka, alisikia harufu. Ilikuwa harufu ya matope ya ziwa, ya magugu yaliyooza na samaki wa juzi, na Masara hakuna ziwa. Kisha ile pumzi iliyobanwa ikaachiwa, na kutoka kwenye spika ambayo Elkana alikuwa ameichomoa kwenye umeme tangu asubuhi ukaanza wimbo, ule ule wa Caren, kwa sauti ile ile ya Caren, na nyuma yake sauti nyingine zikiitikia, za wazee, za wanaume, za mtoto mmoja mdogo, zote zikiimba kama watu waliofungiwa chumbani na kuambiwa wasinyamaze.

Wimbo ulikatika.

"Mama," sauti ya Caren ilinong'ona. "Niletee mwingine aimbe."

Damaris aliushika ufagio kwa mikono miwili. "Wewe si mtoto wangu," alisema. "Na sauti hiyo si yako. Utairudisha."

Alimkuta Pasta nyumbani kwake. Naye koo lilikuwa limeanza kukauka, akiongea ungesema ni karatasi inakunjwa.

"Pasta, ile maiki ina jini."

"Mama Caren, kanisa limejaa. Shetani ndiye hapendi likijaa." Alikohoa, kisha akainamisha macho. "Lakini kuna jambo sikusema. Kule Homa Bay waliongea na mimi kwa ishara na kuandika. Kanisa zima. Nilidhani ni kanisa la viziwi."

"Na ulipowasemesha, walisikia?"

Pasta alikohoa tena. "Walisikia," alisema.

Jumatatu asubuhi Damaris alikuwa Homa Bay. Mtunza vitu wa kanisa lile, mwanamke mzee aitwaye Benta, alimpokea mlangoni, akamwona uso, akajua. Alichukua daftari la shule akaandika: *Jini wa ziwa. Aliingia kwenye maiki mwaka wa mafuriko. Tulimwomba aturudishie sauti zetu. Akasema tumletee wengine. Tulileta, hakurudisha. Tukauza.*

"Mlituuzia mkijua?"

Benta alitikisa kichwa kukubali, machozi yakimtoka. Akaandika tena: *Usimwombe. Nisamehe.*

"Nitakusamehe nikimaliza kazi," Damaris alisema, wakapeana namba za simu, akaondoka.

Alizaliwa upande wa ziwani yeye mwenyewe. Alikumbuka jioni za utotoni, upepo ukitoka majini, na wanawake wa boma zima wakitoka nje kugonga sufuria na madebe kuwafukuza nyawawa, wale pepo wapitao na upepo. Hakuna aliyewasihi. Waligongewa tu mpaka wakaondoka.

Jumapili kanisa lilifurika. Pasta Gisiri alisimama mbele na hakutoa hata neno moja, sauti ilikuwa imekwisha usiku wa kuamkia siku hiyo. Watu walianza kunong'onezana. Ndipo Damaris akatembea katikati ya mabenchi, akaichukua maiki kutoka mkononi mwake. Chuma kilikuwa kimelowa kama jiwe la mtoni.

"Mama," spika zikasema kwa sauti ya Caren, na kanisa zima likasikia, na Caren mwenyewe, aliyekaa benchi la mbele, akaziba mdomo kwa mikono miwili. "Imba kidogo tu, mama. Wewe ukiimba nitamwachia."

"Sikuombi," Damaris alisema. "Hujanisikia? Sikuombi chochote. Nimekuja kukutoa."

Aliitupa sakafuni, akawageukia wanawake waliokuwa wakipika chakula cha wageni nyuma ya kanisa. "Leteni sufuria! Zote! Gongeni!"

Wazee wawili walisimama kupinga, kwamba huo ni upagani, haufanywi nyumba ya Mungu. Pasta aliwapita. Yeye, ambaye kila mwaka alihubiri dhidi ya mila hiyo, alichukua sufuria ya ugali na mwiko, akaanza kugonga. Elkana akagonga mlango wa bati. Watoto wakagonga mabenchi. Na kelele zikapanda, sufuria na mifuniko na ndoo na viganja, na harufu ya ziwa ikatanda mpaka watu wakatapika wakiendelea kugonga, na spika zikaanza kulia kwa sauti zote kwa pamoja, sasa mzee, sasa mtoto, sasa Pasta mwenyewe akisihi kwa Kikuria, lugha ya mamake, sasa Caren akipiga kelele "Mama, unaniua, mama!" na Damaris akilia na asiache kugonga, mkono ukitoka damu, mpaka maji meusi yakaanza kumwagika kutoka kwenye maiki, mengi kuliko yanavyoweza kukaa ndani ya kitu kidogo hivyo, yakapita chini ya mabenchi, yakatoka mlangoni, yakaingia ardhini.

Spika zikapasuka. Kukawa kimya.

Pasta Gisiri alikohoa. "Asante Yesu," alisema, na ilikuwa sauti yake.

Damaris alipiga magoti mbele ya binti yake. "Caren. Sema kitu."

Caren alifungua mdomo. "Mama," alisema. Damaris alirudi nyuma. Ilikuwa sauti ya mwanamke mzee, nene, iliyokwaruzwa na miaka sabini.

Kabla hawajaelewa, simu ya Damaris iliita. Ilikuwa namba aliyopewa Homa Bay.

"Mama Caren, ni mimi Benta," ilisema sauti nyembamba na safi, ikilia. "Sisi wote tumerudishiwa, lakini hii si yangu. Mimi ni mtu mzima. Nitafanya nini na sauti ya mtoto wa watu?"

Damaris aliisogeza simu kati yake na binti yake. Caren alisikiliza sauti yake ikilia huko mbali. Kisha akafuta uso, akaichukua simu mkononi mwa mamake.

"Imba nayo, dani, nyanya yangu," alisema, kwa ile sauti ya bibi kizee. "Mimi naanza na yako sasa hivi."

Akasimama mbele ya kanisa, bila maiki, akaimba.