Mkasi wa Gizani

Rafiki yangu mmoja, mpiga picha wa sanaa, bado anatumia kamera za filamu. Chumba chake cha kusafishia picha ni stoo isiyo na dirisha; hata mchana, ukifunga mlango, huoni kiganja chako.

Siku hiyo alijifungia humo kwa komeo, akazima taa. Filamu ilikuwa na picha za jumba kuukuu lililokwisha kubomolewa. Mwanga kidogo tu ungeziunguza, na hakuna pa kuzipiga tena. Akapapasa meza kutafuta mkasi. Akawekewa mkononi, taratibu, upande wa kushikia.

"Asante, mama watoto," akasema kwa mazoea.

Mkewe akaitika kutoka jikoni, nje ya mlango: "Unaongea na nani huko?"

Mkono ukaenda kwenye swichi, ukasita. Akiwasha, kazi yote imekwisha. Akajikaza, akaikata filamu, akaitumbukiza katika mkebe wa dawa usiopitisha mwanga. Ulibaki mfuniko tu, ndipo aweze kuwasha taa. Hakuthubutu kuutafuta, akaikunja mikono yake kifuani.

Ndipo akasikia, juu ya meza, vidole vikipapasa polepole, vikimtafutia.