Kipaumbele cha Mayai

"Hiyo kompyuta yenu inaatamia kweli, au nayo inangoja kufundishwa na kuku?" jirani fundi viatu aliuliza siku alipoleta mayai. Bata wake wa pekee alikuwa amegongwa na gari, na hayo ndiyo mayai yake ya mwisho. Mama alicheka, akamwambia ayaache, Mungu atajalia.

Kila akitoka shuleni, binti wa Mama, ambaye kwa wembamba wake walimwita Kimbaumbau, alikwenda kuitazama mashine ya kuangulia mayai. Kaka yake ndiye aliyeandika programu ya ile kompyuta ndogo iliyofungwa juu ya mashine. Programu ilifanya kazi mbili kwa pamoja, na kila kazi waliiita uzi. Uzi mmoja ulipima joto na kuzima taa ya kupashia likizidi. Mwingine ulichora kwenye kioo kifaranga anayecheza. Uzi wa joto ulipewa kipaumbele. Picha ingojee zamu.

Basi kifaranga akawa anakwamakwama. Wenzake Kimbaumbau wa shuleni walipokuja kutazama, walisema kifaranga huyo ana baridi yabisi. Kimbaumbau akaona haya. Akafungua programu, akapandisha kipaumbele cha picha juu kabisa, akashusha cha joto. Kifaranga akacheza bila kukwama, wakampigia makofi.

Mama alipoingia kuchukua ufagio, akapitisha mkono juu ya mashine. Ilikuwa moto kama jiko, na taa bado inawaka. Akachomoa waya upesi, akafungua kifuniko, akamwita kaka mtu. Yeye alieleza kuwa uzi wa picha hauishi kuchora. Ukitangulizwa, ule wa joto haupati nafasi hata ya kupima. Akavirudisha vipaumbele kama mwanzo. Walimulika mayai kwa tochi, moja moja. Ndani, vifaranga walikuwa wakijitikisa. Mama akamshukuru Mungu.

Kimbaumbau akashusha pumzi, kisha akauliza kama ni lazima jirani aambiwe, maana hakuna kilichoharibika.

Mama aliketi karibu naye. "Mwanangu, ulitanguliza cha kupendeza, ukasahau kinacholinda uhai. Sasa unataka kutanguliza aibu yako, na haki ya mwenzio ikae nyuma. Kompyuta alikupangia kaka yako. Moyo wako utaupanga mwenyewe, na Mungu anauona."

Kimbaumbau alivaa ndala zake, akatoka, akielekea kwa fundi viatu.