Tope Lililozidi Uzito

Tope la sakafu ya bahari haliongezeki kwenye chekeche. Likipita matundu yote, kutoka makubwa hadi yale membamba kuliko unywele, hupungua chembe mbili tatu, basi. Lakini asubuhi ile mpimaji, mjane wa miezi saba, alitia gramu hamsini, akajumlisha kilichobaki katika kila chekeche, akapata hamsini na tatu.

"Wifi, mizani inaumwa," alimwambia dada wa marehemu mumewe, aliyekaa meza ya pili.

"Mizani nzima. Pima tena."

Hamsini na sita.

Kosa lilikuwa la mpimaji mwenyewe. Tope huloweshwa kwanza kwenye dawa inayotoa povu na kula chochote kilichowahi kuwa hai, zibaki chembe tupu. Bosi alimhimiza kana kwamba kuna moto, naye akairuka hatua hiyo. Haraka haraka haina baraka.

Adhuhuri chekeche zikaanza kutikisika zenyewe. Harufu ya sabuni ya mumewe, aliyezama akiwa kwenye meli ya kuchota tope hilohilo, ikatanda chumbani, na kwenye sahani ya chini kabisa, zilipotua chembe laini kuliko unga, ikatoka sauti yake, nzito kidogo, ya mtu aliyeamka sasa hivi: "Dada, nasikia baridi."

Wifi alipiga magoti. Tangu siku hiyo alikaa akinong'ona na sahani, hali chakula, haendi nyumbani, na kila alipokohoa kitambaa kilijaa tope, na kadiri tope lilivyozidi kwenye mizani ndivyo alivyokonda, hadi vidole vikashindwa kushika kalamu.

Mganga aliyeitwa na mjane aliishia mlangoni. "Huyo si ndugu yenu," alisema kwa sauti ya chini. "Ni jini aliyekaa na maiti, akaiba sauti. Msipomtilia hiyo dawa yenu, mtamzika na huyu dada."

Mjane akamimina. Povu likapanda, sauti ikaita, "Mke wangu, mke wangu," mpaka ikakatika. Alilia, lakini hakuacha kumimina.

Wifi alipona. Kikohozi kilikauka, mwili ukarudi. Hakushukuru. Siku aliyohamia chumba kingine, alisimama na kiti chake mkononi.

"Kaka hakutaka kupanda ile meli. Nani alimwambia mwanamume hakai nyumbani?"

Mjane aliendelea kuisugua ile sahani ya chini.

"Mara ya kwanza ulimtuma," wifi alisema. "Mara ya pili umemuua kwa mkono wako."