Ubao Kwenye Lango la Mawe

Wakati wa likizo kazi yangu ilikuwa moja: ikifika saa sita mchana, nambebea mjomba chakula kiwandani. Mama aliondoka na chake asubuhi. Mjomba ni mdogo wake, na hata kufunika bakuli hajui. Wote wawili walifanya kazi kwenye mkanda mmoja, ule mkanda mpana wa mpira unaotoa mawe machimboni na kuyapeleka kwenye kinu cha saruji. Ukishapokea mawe, rola, zile silinda za chuma zinazozunguka, huuviringisha kama mkeka, kingo zake zikalaliana juu ili vumbi lisitoke. Mama alikuwa fundi wa mkanda huo. Mjomba, ambaye kiwanda kizima kilimwita Chapuchapu, alikuwa akifungua lango la kumwaga mawe.

Lango hilo lina alama nyekundu, na ni marufuku kulifungua kupita hapo. Jumatatu nilimkuta mjomba amelipandisha juu ya alama na kuliwekea ubao lisishuke.

"Mjomba, mbona umepita alama?"

"We mtoto, uhandisi umeanza lini? Mkanda huu mnene, unabeba. Nikimaliza mzigo mapema, nawahi mazoezi ya mpira. Ila mama yako asijue, sawa mpwa wangu? Unamjua kwa kelele."

Nikacheka, nikaahidi. Hata sijui nilicheka nini!

Tangu siku hiyo mkanda ukawa unafumuka. Mawe yakizidi, kingo hazilaliani tena, mkanda unajisokota, na mawe yanamwagika chini. Mama alishinda huko na spana, akikaza rola moja baada ya nyingine. Kila alipokwenda kukagua lango, mjomba alimwona kwa mbali, akachomoa ubao na kuukalia, mpole kama hajui kitu. Jioni mama alirudi mweupe kwa vumbi, akisema, "Sijui nakosea wapi." Na mimi niko palepale, nakula, kimya.

Jumatano nilikuwa langoni nikimpa mjomba chakula niliposikia kishindo na watu wakipiga mayowe. Nilikimbia; mjomba yeye alichomoa ubao kwanza, akauweka kitini. Mama alikuwa amekaa chini ameshika bega. Jiwe lilikuwa limemwangukia. Meneja naye akafika. Mnadhani alimpa pole? Thubutu!

"Siku tatu sasa!" alifoka mbele ya kila mtu. "Kama rola zimekushinda, kesho usije. Nitatafuta fundi mwingine."

Mama alisimama, macho yamemwiva. "Rola hazina tatizo. Mkanda ukiwa mtupu unakwenda umefunga vizuri. Ukijazwa ndipo unafumuka. Muulize anayeujaza."

"Mimi?" mjomba, aliyekuwa amenifuata nyuma, aliruka. "Lango liko kwenye alama. Dada, usinisingizie, njooni mwone!"

Damu ilinichemka. Dada yake ameumia, anafukuzwa kazi, na yeye anasema anasingiziwa!

"Muongo!" nilipiga kelele. Najua, mtu hamwiti mjomba wake muongo. Siku hiyo nilimwita. "Analiwekea ubao lango! Uko kwenye kiti chake, huwa anaukalia!"

Meneja alikwenda mwenyewe, akaukuta. Ulikuwa umechubuka pale lango lilipoubana, na alipoujaribu ukaenea sawasawa. Akalishusha lango hadi kwenye alama, mkanda ukawashwa na mawe yakamiminwa. Tulisimama pale karibu saa nzima. Halikudondoka hata kokoto.

"Fundi, njoo ofisini tuzungumze," meneja alisema kwa sauti ya chini.

"Ofisini kufanya nini?" mama akajibu. "Umenifokea mbele ya watu. Niombe radhi mbele ya watu."

Akaomba. Mjomba aliondolewa langoni, akapewa koleo azoe mawe yote aliyoyamwaga. Mama hakumtazama.

Jioni nilichemsha maji ya kumkanda. Nilikuwa nimejiandaa kusifiwa, jamani. Si nilikuwa nimemwokolea kazi?

"Ulijua tangu lini?" aliuliza.

"Jumatatu."

"Jumatatu!" Aliweka kikombe chini kwa nguvu hadi chai ikamwagika. "Jana na leo asubuhi umeniona natoka kwenda kuingia chini ya mkanda ule, ukaniambia, 'Kazi njema, mama'!"

Nilichukua kitambaa, nikafuta chai.

"Sikiliza. Siri ya mtu unaweza kumtunzia. Lakini siri inayoweza kumuumiza mwingine haitunzwi. Inasemwa siku ileile, hata mwenyewe akikasirika, hata akiwa mjomba. Leo umesema ukweli, na nimekusikia. Lakini umeusema baada ya jiwe."

Alinigeuzia bega. Lilikuwa limevimba, jeusi. Nilichovya kitambaa kwenye maji ya moto, nikamkanda, na kila alipoguna nilijichukia upya.