Mfarishi Uliokataa Mafundo

Asubuhi ya tatu Geum-ok alikuta mishono yake yote imefumuka tena. Uzi haukuwa umekatika. Ulilazwa kando ya mfarishi, umenyooshwa vizuri, kila fundo limefunguliwa.

"Jamani, nani ananichezea?" alifoka, na chumbani hamkuwa na mtu wa kumjibu.

Miaka kumi na tisa alikuwa akikarabati nguo za kale katika jumba lile la makumbusho la Jeonju, kwa mkataba wa mwaka mmoja mmoja, mpaka ikamchosha roho. Sasa Mkurugenzi Pyo alikuwa ameahidi: mfarishi huu wa bibi harusi ukiwa tayari kwa maonyesho ya Ijumaa, anaajiriwa moja kwa moja. Leo Jumatano! Na aliyeushona zamani alikuwa mvivu kupita kiasi, hakufunga fundo hata moja mwishoni mwa uzi. Geum-ok akayafunga yote upya, mawili mawili, meno ameyauma.

Mchana akasikia ta-ta, ta-ta, virungu viwili vya mbao vikiponda nguo juu ya jiwe kama bibi zake walivyofanya kabla ya pasi, na sauti ilitoka chini ya meza, ikasogea mpaka magotini, harufu ya udongo uliofukuliwa ikapanda ikamjaa puani, na mbele ya macho yake fundo la kwanza likaanza kulegea polepole, kama linachokolewa na kucha za mtu asiye na haraka, kisha la pili, kisha la tatu, naye akabaki ameshika sindano hewani.

Mama mkwe wake, aliyeshona nguo za maiti ujanani, ndiye aliyemkuta hivyo alipomletea chakula.

"Umefunga mafundo hapa?" alinong'ona.

"Ningefanyaje, mama? Uzi ulikuwa unaachia!"

"Mwanangu, huu si wa harusi. Huu ni wa kufunikia maiti kaburini. Uzi wake haufungwi, marehemu asije akanasa huku. Mwenyewe alijishonea, akazikwa bila huu. Amekuja kuuchukua, na wewe unamfunga."

"Sasa?"

"Fumua. Uchome uani, umfikie."

"Na kazi yangu, mama?"

Mama mkwe akamsogezea mkasi, akaondoka.

Geum-ok alikuwa amefumua nusu, analia kwa hasira, Pyo alipoingia na karatasi ya ajira mkononi. Akamweleza kwamba ni wa maiti.

"Fundi, kadi za mwaliko zimeshatoka. Wa maiti, wa harusi, nani atajua? Funga, usaini hapa."

Geum-ok alifunga. Kila uzi mafundo matatu, akiulowesha kwa mate.

"Niwie radhi," alimnong'oneza asiyemwona. "Hata mimi nimesubiri sana."

Virungu vikanyamaza. Hakuna fundo lililolegea tena.

Ijumaa wageni walijaa, wakausifu mfarishi ulivyotundikwa. Geum-ok akatoka kupumzika kwenye benchi, karatasi yake mfukoni, mwepesi kuliko alivyowahi kuwa. Mwanamke aliyekuwa akiuza chai ya shayiri hapo mlangoni akamwekea vikombe viwili.

"Niliomba kimoja, dada."

"Hicho kingine cha mama yako, huyo mwenye udongo kwenye kucha. Tangu asubuhi amesimama nyuma yako, ameshika upindo wa nguo yako. Si umwambie akae, maskini? Au hawezi kukuachia?"