Lundo la Arobaini na Mbili

Asubuhi ya Jumatatu, tarehe 9 Juni 1997, Bwana Feliksi Ntibanyiha wa Katubuka alikunywa chai yake bila haraka, akafuta vumbi kwenye buti, akaondoka akiwa na hakika kwamba jioni angerudi akiwa Msimamizi Mkuu wa Njia. Njia yenyewe ilikuwa ya miguu, mwendo wa siku tisa kutoka Ilagala hadi Mwamgongo, iliyokusudiwa kwa wageni wenye mabegi mazito na muda mwingi wa kupoteza. Feliksi ndiye aliyeipanga. Siku hiyo kamati ya watu wawili, Mzee Pazi wa Ujiji na Bi Leonia, ilikuja kukagua kipande cha kwanza. Alama zikiwaridhisha, cheo ni chake.

Na alama zilipendeza: malundo arobaini na moja ya mawe, yote yamepakwa rangi nyeupe. Mawe hayo hakuyatoa mbali. Novemba iliyotangulia, watu waliovuka ziwa kukimbia vita vya Zaire walizika wafu wao juu ya kilima ambako njia ilipita, na kila aliyepita aliweka jiwe moja juu ya kaburi na kumsalimu aliyelala. Mwezi Mei Feliksi akayazoa yote.

Bibi Skolastika, mjane wa Kibembe ambaye mumewe alizikwa pale, alimfuata kumsihi amwachie walau kaburi moja.

"Mwanangu, kila jiwe ni salamu ya mtu. Ukilibeba, salamu unakuwa nayo wewe."

"Salamu za wakimbizi nizifanyie nini, mama? Nchi yenyewe imewashinda, mtanifundisha mimi njia?"

Vibarua wakacheka, maana aliyewaandika kazini ni yeye.

Sasa, mbele ya kamati, alitembea kifua mbele akihesabu alama kwa sauti, kama mwalimu mbele ya watoto wa darasa la kwanza. Saa sita kamili, jua likiwa utosini, walifika kwenye lundo la arobaini na moja. Kipande kilipaswa kuishia hapo. Hatua thelathini mbele lilisimama jingine.

Feliksi alilisogelea, akaligusa. Rangi ilimganda kidoleni.

"Hili halimo kwenye ramani yako," alisema Mzee Pazi.

Feliksi akajibu kwamba bila shaka kuna mpuuzi wa kambi ya wakimbizi aliyeiba kopo la rangi.

Ndipo zikasikika nyayo. Nyuma yao. Nyingi, za miguu mitupu, yenye kutota maji. Ziwa lilikuwa mbali, chini ya kilima.

"Usigeuke," Mzee Pazi alinong'ona. Aliinama, akaokota jiwe, akaliweka juu ya lundo. "Salamu zenu, wenzetu." Bi Leonia naye akaweka lake. Nyayo zikawapita. Baridi iliwagusa mabegani.

"Weka na wewe, bwana," Mzee Pazi alimwambia Feliksi.

Feliksi akacheka, akalipiga lundo teke. Watu wazima kuogopa kokoto! Mbele aliliona la arobaini na tatu, akaenda kulibomoa.

Nyayo zilikuwa mbele yake. Kisha ubavuni. Akahesabu kwa sauti ili asizisikie. Arobaini na nne. Arobaini na tano. Kila lundo lilikuwa refu kuliko lililopita. La mwisho lilikuwa na urefu wa mtu aliyelala, na katikati lilikuwa wazi. Sauti ya upole ikamsalimu kwa jina.

Akaitikia.

Kamati ilimsubiri hadi saa kumi. Alitafutwa siku kumi na moja, ufukweni na milimani. Tarehe 20 Juni, Mzee Pazi alipanda tena kilima kile. Alama zote zilikuwa zimetoweka. Makaburi yalikuwa yamerudi kama yalivyokuwa, mawe yake hayana hata tone la rangi. Kaburi moja lilikuwa limeongezeka. Jeupe.

Hadi alipofariki mwaka 2004, kila tarehe 9 Juni Mzee Pazi alipanda kuliwekea jiwe. Kila mwaka alirudi Ujiji na rangi mbichi kwenye vidole.